Tulitafuta Mto, Tukakuta Mahindi

Haya ni maneno niliyosema Ikwiriri, kwenye bonde la mto Rufiji, mbele ya vijana wachora ramani, wanafunzi wa upimaji na wazee wa vijiji vya bondeni, siku moja kabla ya vijana kwenda kukagua kama mito ya kwenye ramani ipo kweli. Walioshindwa kufika waliomba niyaandike yote, nami nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nianze na swali, na mtu asione haya kunyoosha mkono. Nani humu ndani amewahi kusimama katikati ya mto, kwa mujibu wa simu yake, na viatu vikabaki vikavu? Naona mikono. Naona na wanaocheka bila kunyoosha. Nyinyi pia mmesimama humo.

Mimi nimesimama. Ilikuwa mwezi wa nane, ng'ambo ya kusini ya Rufiji, tuko wanne. Simu inatuonyesha mstari wa buluu, mzuri, umenyooka kama uliopigwa rula. Tukaufuata saa nzima, jua la saa saba linatuchoma utosini. Kitone chetu kikapanda juu ya mstari, tukatazama chini, tukaona mahindi. Mahindi ya mlau, yaani yale yanayopandwa mafuriko yakishapungua, yamefika kiunoni, kunde zimetambaa katikati yake. Mama mwenye shamba akashuka kwenye dungu, akatuuliza, "Wanangu, mnatafuta nini?"

Tukasema, "Shikamoo mama. Tunatafuta mto."

Akatutazama mmoja mmoja. Akayatazama mahindi yake. Akasema, "Marahaba. Umepotea lini?"

(Hapa ukumbi ulicheka, na mimi nilicheka nao.)

Yule mama hakutuacha hivyo. Alijitanda khanga, akatutangulia karibu nusu saa hadi nyuma ya mivumo. Akasimama mahali ambapo mimi, mpimaji mwenye cheti, ningepita bila kugeuza shingo. Hapakuwa na kingo wala mchanga. Lilikuwa bonde dogo la kina cha goti, pana kama uwanja wa mpira. Alipotuelekeza kutazama ndipo tukaona: makombe ya konokono yametapakaa, matope yamekauka na kupasukapasuka, majani makavu yamenasa kwenye vichaka, yote yamelalia upande mmoja. "Maji yakija hupita hapa," akasema, akajigusa kifuani kuonyesha yanapomfika.

Nawauliza ndugu zangu: ule mto wa shambani aliuchora nani? Nani alikaa mezani akaamua kwamba mto upite kwenye mahindi ya mama yule?

Hakuna. Hakuna mtu aliyeuchora. Mstari ule ulipigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe si uchawi. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiimulika ardhi kwa rada, kuanzia nyuzi 60 kaskazini hadi 56 kusini. Matokeo yake ndiyo data ya mwinuko iitwayo SRTM. Ardhi imekatwa vigae vidogo, na kila kigae kimepewa namba moja ya urefu kutoka usawa wa bahari. Kwa miaka mingi huku kwetu tulikuwa na vigae vya mita 90. Vya mita 30 vilianza kutolewa wazi mwaka 2014. Kisha kompyuta inaambiwa: maji hushuka, basi tafuta yatashukia wapi. Kutokana na data hiyo ukazaliwa mtandao wa mito kama ule wa HydroSHEDS, ambao watafiti wengi huuchukua kama ulivyo.

Milimani kazi hii ni safi. Nenda Uluguru, nenda Udzungwa, mto umebanwa na korongo, hauna pa kukimbilia. Kompyuta haiwezi kuukosa. Lakini huku chini je? Huku tambarare je?

Chukueni kalamu tufanye hesabu moja ndogo. Tuseme mto unashuka sentimita 30 kwa kila kilomita. Kwa nchi tambarare, huo si mteremko wa kudharau. Kwenye kigae cha mita 30, ardhi itakuwa imeshuka sentimita moja, tena haikutimia. Na SRTM inaandika urefu kwa mita nzima. Haijui nusu, haijui robo. Kwa hiyo kompyuta itapita vigae zaidi ya 110, kilomita tatu na ushee, kabla namba haijapungua kwa moja. Kilomita tatu zote hizo inaona sakafu. Wewe ungekuwa maji ungekwenda wapi kwenye sakafu?

Na bado sijataja makosa. Waliotengeneza SRTM waliahidi makosa ya mwinuko yasizidi mita 16, na kwa Afrika ilipokaguliwa ikaonekana wamefanya vizuri mno, makosa yapo kama mita 6. Wanastahili pongezi. Lakini mita 6 za makosa dhidi ya sentimita 30 za mteremko! Ni sawa na kupima sukari ya chai kwa mizani ya magunia ya korosho.

Halafu kuna miti. Rada ile haifiki chini penye msitu mnene. Inagonga juu ya majani na kurudi. Mikoko yetu ya delta ina mahali inafika mita 20 na kupita. Kwa kompyuta hiyo si mikoko, hicho ni kilima. Na kilima cha mita 20, kwa mteremko wetu wa mfano, ni sawa na mwendo wa kilomita 66 za mto. Mnanielewa? Shamba la miembe likikaa vibaya linatosha kuugeuza mto mzima kwenye ramani. Kompyuta ikikuta kilima kimeziba, hulijaza bonde maji ya kubuni mpaka yafurike, kisha hutafuta pa kutokea. Ndipo unapoona vile vijito vilivyonyooka, sambamba, kama michirizi ya kitana kwenye nywele. Mkiviona hivyo kwenye nchi tambarare, msibishane navyo. Wekeni alama ya kuuliza kwanza.

Sasa hivi kuna data bora zaidi. Kuna ya Copernicus kutoka Ulaya, iliyotokana na rada za TanDEM-X. Kuna FABDEM ya Chuo Kikuu cha Bristol, ambao wamejaribu kuing'oa miti na nyumba kwa hesabu. Tumieni hizo. Lakini hata hizo hazioni chini ya barabara, na jambo hili nililijua kwa aibu.

Miaka kadhaa nyuma niliombwa kukagua mchoro wa barabara ya vumbi inayokatiza bonde. Mchoraji simtaji, na mahali sipataji. Kwenye ramani kijito kilifika kwenye tuta la barabara, kikakunja kona, kikaambaa na tuta karibu kilomita moja, ndipo kikavuka. Nikasaini. Kalavati likawekwa pale mstari ulipovukia. Masika yalipokuja, maji yakaenda moja kwa moja palepale yalipokuwa yakivuka tangu enzi za mababu, yakakuta tuta, yakalala siku mbili yakinyonya udongo, ya tatu yakaibeba barabara. Kwa nini mstari ulikunja kona? Kwa sababu palikuwa na kalavati la zamani, dogo, limejaa nyasi, na hakuna setilaiti inayoliona. Kwa kompyuta tuta ni ukuta. Kwa maji palikuwa na mlango. Ningeuliza mchunga ng'ombe mmoja tu nisingesaini.

Nije kwenye jambo la pili, na hili naliona kubwa kuliko la vigae. Data ya mwinuko ikiboreshwa mpaka ikawa ya sentimita, bado mashine nyingi zina imani moja mbaya: kwamba maji yana njia moja. Kanuni iliyozoeleka, ambayo imetumika tangu miaka ya 1980, inasema kila kigae kina majirani wanane, na kitampa maji yake yote jirani mmoja, yule wa chini zaidi. Mmoja! Hakuna kugawana. Mito midogo inaungana kuwa mikubwa, basi. Mto hauruhusiwi kugawanyika.

Wazee wa delta mko hapa. Rufiji inafika kwenu ni mmoja?

(Walijibu: "Hapana!")

Rufiji ikishapita Daraja la Mkapa inaanza kufunguka kama vidole. Ina matawi, matawi yana vijitawi, kisha yanarudiana. Sasa mpe kompyuta delta hii na imani yake ya njia moja. Itachagua kidole kimoja, na vingine itavikata.

Vidole hivyo vimewahi kuamua vita. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja, kisha ikaja kujificha humu humu kwenye mikoko ya Rufiji. Iliwezaje meli kubwa vile kuingia? Kwa sababu kabla ya vita meli ya upimaji ya Wajerumani, Möwe, ilikuwa imeshapita ikipima kina. Waingereza walikuwa na ramani za delta pia, ila zilikuwa zimepitwa. Waliuona mto kwenye karatasi, hawakujua tawi lipi linapitika na lipi ni tope. Miezi ikapita wakizunguka mlangoni. Ikabidi wamtume msasi aitwaye Pretorius, mtu wa porini, aingie na mtumbwi kupima kina na kusoma maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Julai 1915 wakaleta manowari mbili fupi za maji madogo, Severn na Mersey, ndipo Königsberg ikamalizwa. Mzinga wake mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, mkifika mkautazame.

Ramani ya Möwe ilikuwa nzuri kwa sababu mtu alitumbukiza kamba majini akapima.

Na delta ina ujanja mwingine. Kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, mstari wa mto huchorwa kufuata maji yanakokwenda. Sawa. Sasa nenda kwenye tawi la mikoko siku ya bamvua. Asubuhi maji yanakwenda baharini. Mchana maji yanarudi, yanaupandisha mtumbwi wako juu bila kasia. Kijana mmoja alinipigia simu kutoka huko akaniambia, "Mzee, mshale umegeuka." Nikamwambia akae hapo hapo, ale, asubiri kwa muda wa saa sita. Akasubiri. Ukageuka tena. Mahali kama hapo msiandike mwelekeo wa maji kwa kuangalia mara moja. Tazameni kujaa na kupwa, siku ya bamvua na siku ya maji mafu, na mwandike kwamba mkondo huu unatawaliwa na bahari.

Tukubaliane sasa na jambo ambalo wazee mnalijua na vijana hamtaki kulisikia: mto huhama. Tana kule Kenya leo inaingia baharini Kipini, lakini mdomo ule haukuwa wake. Ulikuwa wa mto Ozi. Karne ya 19 Sultani wa Witu alichimbisha mtaro Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, na polepole Tana ikaupenda mtaro kuliko njia yake ya zamani. Nchi ni bapa, mto haukuhitaji kubembelezwa sana. Na hapa kwetu? Mzee aliyekaa dirishani pale ananitazama, anajua ninachotaka kusema. Mafuriko ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Maji mengi yaliacha matawi ya kusini yakahamia kaskazini ya delta. Waliokuwa na mpunga kusini wakayafuata huko.

Sasa kuna mabadiliko mengine, tena ya juzi. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Picha za setilaiti tunazojivunia, kumbukumbu za maji tangu 1984, sehemu kubwa ni picha za mto usio na bwawa. Ukichukua wastani wa miaka 40 ukasema "hapa maji hufika mara nyingi", unasema habari za mto wa jana. Na aliyedhani bwawa limemaliza mafuriko, Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walikuwa juu ya mapaa na kwenye mitumbwi. Kwa hiyo kila alama mtakayoweka, wekeni na tarehe. Mstari usio na tarehe mimi siupokei.

Haya, tunakaguaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kesho mnaingia kazini.

Msikague pale gari linapofika tu. Hili ndilo kosa la kwanza la kila timu niliyowahi kufanya nayo kazi, na langu pia. Tunakagua mto darajani. Darajani mto lazima uwe sahihi! Ndiyo maana kuna daraja. Pointi zetu 60 za kukagua zimechaguliwa kwa kura, na nyingine zimeangukia ndani ya mikoko na nyingine kwenye matete. Ikishindikana kufika, andika "sikufika" na sababu yake. Usisogeze pointi kwa sababu kuna matope.

Amueni kabla ya kuondoka umbali mtakaouita sahihi. Tumekubaliana mita 50 kwa mto mkubwa, 30 kwa kijito. Mkiamua baada ya kurudi mtaamua kwa huruma.

Tena msipime umbali peke yake. Mstari unaweza kuwa mita 10 tu kutoka kwenye maji na bado ukawa uongo, kwa sababu umeunganisha ziwa na mto mahali ambapo haviungani, au umekata mkono unaoingiza samaki ziwani kila masika. Ziwa Zumbi, Ziwa Utunge, maziwa haya ya bondeni yanaishi kwa mikono hiyo. Kwa mvuvi, mstari uliosogea si kitu. Mstari uliokatika ni njaa. Kwa hiyo hesabuni mito iliyozuliwa, hesabuni iliyosahauliwa, na hesabuni maungio, kila moja peke yake. Anayeniletea asilimia moja ya jumla nitamrudishia.

Urefu wa simu usiutumie. Niliwahi kuwa ufukweni na kijana, mawimbi yanatulowanisha vidole, kifaa chake kinasoma hasi ishirini na kitu. Akakitikisa, akakizima, akakiwasha. Kifaa kilikuwa kizima. Kilikuwa kinapima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu, na pwani yetu usawa wa bahari uko zaidi ya mita 20 chini ya umbo hilo. Simu nyingine husahihisha, nyingine hazisahihishi, na hata iliyosahihisha haiwezi kukuonyesha sentimita 30. Mteremko utapimwa kwa livelo, darubini ya kupimia usawa, na mtu mwenye subira. Simu iwape mahali pa kusimama tu, na hapo itakosea mita tatu, tano. Inatosha.

Kabla ya kwenda, tazameni picha za setilaiti za Sentinel-2 za mwezi wa tisa au wa kumi, kisha za mwezi wa nne na wa tano. Za masika zitakuwa na mawingu, basi chukueni za rada, Sentinel-1, inayoona maji hata chini ya mawingu. Lakini nayo chini ya mikoko msiiamini sana. Na kumbukeni maji ya bonde hili hayangoji mvua ya Ikwiriri. Yanatoka Mbeya, Iringa, Njombe, Kilombero. Jua linaweza kuwaka hapa na mto ukawa unapanda.

Halafu kuuliza. Vijana, kuuliza ni kazi ya upimaji kama livelo. Usimwendee mzee na simu mkononi ukamwambia, "Babu, mto unapita hapa, sivyo?" Atakuambia ndiyo. Wewe ni mgeni, umetoka mbali, hataki kukuangusha. Salimia kwanza, kaa, kunywa maji uliyopewa. Kisha uliza, "Maji yakija, mnayaona wapi kwanza? Yakiondoka, yanabaki wapi mwisho? Ng'ombe hunywa wapi mwezi wa kumi? Mtumbwi hukwama wapi?" Muulize mvuvi kina, muulize mfugaji kiangazi, muulize mama anayechota maji umbali. Wakitofautiana usichague unayempenda. Mara nyingi kila mmoja anasema msimu wake. Na jina la mto liandikwe kama wanavyolitamka wao, hata kama kijiji cha ng'ambo kinaliita vingine. Andika yote mawili.

Mnaniuliza mara nyingi: mahali ambapo hatuna hakika tufute mstari? Mimi nasema hapana. Uchorwe kwa vipande, ujulikane kuwa wa msimu au wa mashaka, na uandikwe nani alisema na lini. Najua wapo wataalamu wanaokereka na ramani yenye vipande vipande. Mimi inanikera ile isiyo nayo.

Shambani kwa yule mama tulirudi mwaka uliofuata. Mstari wa buluu tulikuwa tumeuhamishia nyuma ya mivumo, nikamwonyesha kwenye simu, nikitegemea shukrani. Akaukuza kwa vidole viwili, akaupeleka huku na huku, akaniuliza, "Na huu mwingine hapa kwa shemeji yangu, nao mmeupata wapi?"

Gari la kwanza linaondoka kesho saa kumi na mbili kasoro, kutoka hapa hapa nje. Waliopangwa delta wachukue mitumbwi Nyamisati, na wasikilize nahodha, si mimi. Betri za ziada, maji ya kunywa, na mifuko ya plastiki ya simu. Anayeogopa viboko aje aniambie leo, tumbadilishie pointi.